Magoti Yangu na Blanketi la Viraka

Jirani, karibu. Vuta hicho kiti ukae. Hapana, mimi niache nisimame. Kukaa kumekuwa mradi, na kuinuka ni mradi mkubwa zaidi, unahitaji wafadhili. Magoti yameniacha. Yalianza kwa kunionya, krr, krr, nikayapuuza. Sasa yamegoma kama walimu wasiolipwa.

Utadhani nimetoka shamba. Ama nimekesha ziwani na wavuvi nikivuta nyavu. Hapana bwana. Ni blanketi. Tena si lile la dukani lenye picha ya simba. Lile unalipa, unalibeba, unaenda zako na magoti yako mawili mazima. Hili ni la viraka, la kushona sisi wenyewe nyumbani, kwa sababu bibi yangu ameamua. Na akishaamua yeye, mimi huwa nimeamua pia, bila kuulizwa.

Habari yenyewe ni hivi. Mtoto wetu wa kwanza anafundisha kule Fizi. Fizi unaijua. Sisi huku Baraka, kando ya ziwa, tunalala bila shati tukigombana na mbu. Fizi iko juu milimani, na usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mtoto akapiga simu. Akampigia mama yake: "Mama, huku baridi iko mingi." Mimi huwa ananipigia akitaka unite. Simu haijakatika, bibi yangu ameshavuta kutoka chini ya kitanda mfuko wa vipande vya vikwembe. Gunia zima! Nimelala juu ya hilo gunia miaka, sina habari. Kumbe kila akipita kwa mafundi wa sokoni anaomba yale mabaki wanayokata wakishona libaya, wanampa bure. Mimi nikiomba kitu cha bure pale sokoni naulizwa kama nyumbani tuko salama.

Akaviunganisha kwa mashine yake ya mguu. Kazi safi, sisemi uongo. Nyekundu, njano, bluu ya mawimbi. Katikati kabisa akaweka kipande cha kikwembe cha tarehe 8 Machi, sikukuu ya wanawake, kile nilicholipia mimi na ambacho bei yake sikuruhusiwa kuijadili. Nikakitambua papo hapo. Pesa yako huwezi kuisahau sura.

Nikadhani imekwisha. Nikasema, "Basi tumtumie mtoto."

"Papa," akasema, "hii ni ngozi. Nyama iko wapi?"

Nyama, kumbe, ni blanketi kuukuu la kuweka katikati ndiyo lilete joto. Na chini yake kuna nguo nyingine ya tatu, nzima, isiyo na kiraka. Hiyo alikuwa nayo, shuka pana la balo. Tabaka tatu. Nikamwambia si aweke zote tatu pamoja apitishe mashine, kazi iishe, tule. Akacheka. Hakucheka na mimi, alicheka peke yake. Akanieleza polepole, sauti ile anayotumia kwa mtoto wetu wa mwisho. Ati mashine ina meno chini, na meno yanavuta nguo ya chini. Juu kuna mguu wa mashine, nao unaikawiza nguo ya juu. Kwa hiyo ya chini inakwenda mbele, ya juu inabaki nyuma, ya katikati haijui imfuate nani. Mwisho wa mstari una makunyanzi kila mahali. Dawa ni kuzishikiza kwanza zote tatu kwa mkono, mishono mirefu ya muda, ile ya kufumua baadaye. Mafundi wa Kigoma wanaita kupiga bandi. Ukishona kwa mashine ukamaliza, bandi unazitoa.

Na wewe hapo unanishangaa sijui mambo haya. Sasa ningeyajulia wapi? Mimi mablanketi ya viraka nimeyalalia tu. Sisi tuliokimbilia Tanzania, tukakaa Nyarugusu kule Kasulu tangu kambi ilipofunguliwa 1996, tulikuwa na letu moja. Waluteri wa Marekani huyashona makanisani kwao na kuyatuma ng'ambo kila mwaka kwa shirika lao la Lutheran World Relief. Inchi 60 kwa 80 hivi, tabaka tatu, zimefungwa kwa mafundo ya uzi, fundo hapa, fundo pale, nguo yote. Usiku nikikosa usingizi nilikuwa nayachezea yale mafundo kwa vidole. Sikujiuliza hata mara moja yalifika pale namna gani. Nilikuwa na kazi nyingine ya kufanya, kulivuta upande wangu. Bibi yangu akilivuta upande wake, kumbe alikuwa analisoma.

Basi. Akasema tutashikizia chini, sakafuni salon, hakuna mahali pengine pa kutosha. Nikatoa kanape nje. Nikatoa meza. Nikatoa tele, redio, madumu, kabati la vyombo. Jirani wa kushoto akasimama kwenye uzio: "Munahama?" Nikamjibu hatuhami. Hakuniamini. Baada ya muda mfupi mwenye duka la kona, yule ninayekopa kwake sukari na sabuni, akafika anahema, ndala moja mguuni nyingine mkononi. Hakunidai, mtu wa heshima. Alisema amepita tu kunisalimia. Akakaa juu ya kanape yangu, pale nje, juani, akanisalimia mpaka saa kumi.

Ndani tukatandika mkeka. Juu ya mkeka shuka, juu ya shuka blanketi kuukuu, juu yake vile viraka. Mimi nikapewa kazi ya kulainisha. Hiyo ndiyo kazi ya mtu asiyejua kazi. Unapiga magoti, unaweka viganja, unasukuma kutoka katikati kwenda pembeni. Kunyanzi likaondoka. Likatokea pale. Nikalifuata. Likarudi huku. Nikageuka kumbe goti langu mwenyewe limevuta shuka na kuleta makunyanzi mapya matatu. Kuku akaingia. Akapita katikati, taratibu, mguu mmoja mmoja, akakichagua kipande cha 8 Machi, akafanya pale alichokuja kufanya. Mtoto wa mwisho naye akaja kusaidia, na uji mkononi.

Mwaka 1965 Che Guevara alikuwa milima hii hii ya Fizi, miezi saba, na bunduki, na Wakuba wake, kujaribu kuwashikisha pamoja waasi wa hapa. Kila kundi na njia yake. Alishindwa, akavuka ziwa kurudi Kigoma. Mtu mzima yule, daktari, ameshasaidia kuipindua serikali ya Kuba! Mimi nina matambara matatu na kuku, mnategemea nini?

Niko hapo, kichwa chini ya meza ya mashine, ile tu haikutoka nje kwa uzito, nafukuza kunyanzi moja sugu, nikasikia hodi. Kwetu hodi ni ya heshima, unapiga unaingia. Mlango uko nyuma yangu. Bibi yangu akasema, sauti imebadilika, "Karibu, mama."

Mama mukwe.

Wewe ni mtu wa hapa, sihitaji kukueleza. Mbele ya mama mukwe mtu anakaa sawasawa, suruali imenyooka, maneno machache. Sehemu ya mwili wangu iliyomsalimia kwanza siku hiyo sitaitaja, tuko mbele za watu. Na suruali ile, naomba uelewe, ilikuwa suruali ya kazi. Ya zamani. Ina historia pale nyuma. Nikataka kuinuka haraka, kichwa kikakutana na meza ya mashine. Mama akageuza uso akaangalia ukuta. Akauliza ukuta:

"Mukwe yangu anatafuta nini pale chini? Amepoteza pesa?"

"Hapana, mama," bibi akamjibu. "Hana pesa ya kupoteza. Ananisaidia kushona."

Mama akaukubalia ukuta kwa kichwa. Akatoka nje akakaa na mwenye duka. Wakaongea. Sitaki kujua waliongea nini.

Tukamaliza jioni. Nilikuwa nimepewa sindano ya gunia, ile ndefu, nishikize upande wangu kwa mishono mirefu. Nikashikiza. Imara! Bibi yangu akashika pembe mbili, mimi mbili, tukainua tulione. Blanketi likainuka. Mkeka nao ukainuka. Wote pamoja, familia moja. Mkeka wenyewe nyuzi zake nzima, sindano yangu imepita humo kutoka ukuta mpaka ukuta. Bibi yangu hakusema neno. Alikaa akafumua kwa wembe mpaka usiku, taa ya sola pembeni, kimya. Mimi nilijilaza kwenye kanape, nje, maana hakuna aliyenisaidia kuirudisha.

Asubuhi vijana wa moto pale avenyi wakaniuliza kama mkeka wa kujifunika ninauza bei gani. Habari za nyumba yangu zinafika barabarani kabla sijavaa viatu.

Nikasema sakafu mimi basi. Tutafute meza. Na meza ya kweli, jirani, Baraka nzima utaipata wapi? Kanisani ziko, lakini ukiazima meza ya kanisa unaingizwa kwenye kamati. Nikaenda kwa mama mmoja anayeuza ndagala, ana meza ndefu ya mbao. Akanipa mpaka asubuhi. Bibi yangu akaipima kwa kusimama kando yake, akasema iko chini, itatuua mgongo. Tukaiinua kwa matofali, moja kila mguu, mpaka ikafika kwenye kiuno. Nakuambia ukweli, hapo nilianza kuiona raha. Unasimama! Binadamu wima! Mama mukwe angekuja angenikuta na sura.

Na hapo ndipo niliona kazi ile ina ufundi. Kwanza shuka la chini linapigwa pasi, ya makaa, umeme hatuna wa kuutegemea, na unapuliza majivu nje kwanza, si juu ya nguo. Halafu akachukua kijiti cha kiberiti, akakibandika kwa skochi katikati kabisa ya meza. Nikauliza cha nini. Akanyamaza. Akalikunja shuka mara mbili, akapata katikati yake, akalilaza, upande mzuri unaangalia meza, akapapasa mpaka kidole kikagusa kile kijiti chini ya nguo. Ndiyo hapo. Katikati ya shuka juu ya katikati ya meza. Blanketi kuukuu vivyo hivyo. Viraka vivyo hivyo, upande mzuri juu. Huoni kijiti, unakigusa. Mabaki yanayozidi meza yananing'inia pande zote sawa, na uzito wake wenyewe unayanyoosha. Halafu pensi za kuanikia nguo zinabana shuka kwenye ukingo wa meza. Libane limenyooka, lakini usilivute kama ngoma. Ukilivuta sana, siku ukilifungua linarudi kwa urefu wake, viraka vya juu vinavimba. Hilo alinieleza mara nyingi, nami kila mara nikavuta.

Tena shuka na lile la katikati viwe vipana kuliko viraka, kama kiganja kila upande. Mimi nilikuwa nimeshashika mkasi nipunguze. Nikapokonywa.

Akaanzia katikati, akashikiza kwa epengle za nepi, moja na nyingine ngumi moja kati yao. Alipojaza meza akafungua pensi, akaliburuta blanketi, sehemu nyingine ikapanda juu, pensi tena. Kipande kwa kipande. Meza haihitaji kuwa kubwa kama blanketi. Hilo likaniuma. Kumbe tangu mwanzo!

Likatoka laini. Akaligeuza chini, akapitisha kiganja. Hakuna kunyanzi. Nikaanza kujisifu. Ndipo paka akaingia. Halafu paka mwingine. Halafu paka nisiyemfahamu, wa avenyi nyingine. Wakalala juu ya blanketi wakaanza kulilamba.

Ndagala, jirani. Meza imebeba ndagala miaka yote hiyo, imekunywa mafuta. Tulitandika bashi juu yake, lakini bashi lina matundu. Sasa utamtumia mwalimu blanketi la ndagala? Aingie darasani watoto wasikie njaa? Epengle zikatolewa zote, nguo zikafuliwa. Na bahati ilikuwa hiyo, maana epengle zenyewe nilinunua mimi, za bei ya chini, na kwa unyevu huu wa ziwa zilikuwa zimeshaanza kuacha alama za kutu. Bibi yangu akaziweka mkononi mwangu, moja moja.

Shemeji yetu ndiye alituokoa. Yuko Marekani, mmoja wa wale waliopelekwa kutoka Nyarugusu. Akatuma sauti kwa WhatsApp, ndefu, imekula megabaiti zangu zote. Ati wamama wa kule zamani walikuwa wanafunga fremu ya mbao kwa kamba kwenye dari, wanashonea hapo, wakati wa kula wanaivuta juu. Bibi yangu akaangalia paa letu. Mimi nikaangalia paa letu. Paa letu lenyewe linaning'inia kwa imani.

Halafu akaeleza njia nyingine, ya fundi mmoja anaitwa Sharon Schamber. Mbao mbili nyembamba, zenye kuzidi kidogo upana wa blanketi. Viraka unavizungusha kwenye ubao mmoja kama unavyozungusha mkeka, shuka la chini kwenye ubao wa pili. Unakaa kwenye kiti, mbele ya meza yoyote, hata ya kulia chakula. Unafungua kidogo shuka, unaweka juu yake lile la katikati, unafungua kidogo viraka juu yao. Unalainisha sehemu ile tu iliyo mbele yako. Unashikiza. Unaivuta kwako iangukie mapajani, unafungua sehemu nyingine. Hakuna kutambaa. Hakuna kuku.

Nikaenda kwa seremala nimwombe mbao mbili, kama mita mbili kila moja, zilizopigwa randa. Akavua kofia.

"Pole sana, papa. Ni mtoto ama mtu mzima?"

Nikamwambia ni blanketi. Akaivaa kofia. Akanipa kwa deni, lakini bei ikawa ya blanketi, si ya msiba.

Tukazungusha. Mimi nilipewa cheo cha kushika ubao wa juu usidondoke. Nisipumue sana, nisiimbe, nisitoe maoni. Safari hii akatumia uzi badala ya epengle, sindano nyembamba, mshono mrefu kama kidole. Na kijiko! Kijiko cha chai, mkono wa kushoto. Ncha ya sindano ikitokeza juu ya nguo inapanda kwenye kijiko, kijiko kinainyanyua, vidole havichomwi. Ka, ka, ka, ka. Nikamwangalia vile vidole vinakwenda, nikasahau kushika ubao. Ubao ukashuka kwenye dole gumba la mguu wangu. Sikulia. Niliambiwa nisitoe maoni.

Jioni likawa limeshikika lote, laini, juu na chini. Mama mukwe akaja kuliangalia. Alinikuta nimesimama, shati limefungwa vifungo. Akalipapasa blanketi, akaligeuza, akalipapasa tena. Akamsifu binti yake. Akaisifu meza. Akazisifu mbao. Halafu akauangalia ukuta, akasema, "Na mukwe yangu, mguu umefanya nini?"

Sasa jirani, nasikia na wewe bibi yako ameanza kukusanya vipande. Usitoe kanape nje. Mwenye duka ni mzee, moyo wake hautaweza tena. Njoo kwangu uchukue mbao, ziko nyuma ya mlango, ila ukikutana na seremala njiani usimwonyeshe, bado ananidai. Pensi ninazo, kijiti cha kiberiti utapata hapa dukani. Kijiko uje na chako. Chetu kiko kimoja, na bibi yangu anakihesabu.